Misuli ya mama ipimwe kwa mizani au kwa kiti?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 72, ni mwalimu mstaafu, na tunaishi naye hapa Tanga. Ana uzito wa kilo 68, ambao haujabadilika kwa miaka mitatu, na urefu wa sentimita 158. Tangu Ramadhani iliyopita anaswali akiwa ameketi kitini kwa sababu kuinuka kutoka kwenye mswala kunamshinda, na ndoo ya maji aliyokuwa akiibeba mwenyewe sasa anamwachia mjukuu. Nilimpeleka duka la dawa akapanda mizani ya umeme inayopima misuli, ikaandika kilo 41.2. Siku tano baadaye muuzaji mmoja wa virutubisho alimpima kwa mashine yake, ikaandika kilo 36.8, akasema mama anapoteza misuli kwa kasi na anahitaji makopo matatu ya unga wa protini. Mama anatumia dawa ya presha. Kipimo kipi ni cha kweli? Na je, ninunue mizani kama ile ili niwe nampima nyumbani?

JIBU: Marahaba. Nianze kwa kurekebisha cheo ulichonipa: mimi si daktari wa kuandika dawa, ni mtaalamu wa fiziotherapia ambaye wagonjwa wake wengi ni wazee. La pili, mama yako hakupoteza zaidi ya kilo nne za misuli ndani ya siku tano. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo, na kwa muda wote huo miguu yao ilipoteza takriban kilo moja ya nyama, kiasi ambacho watafiti wenyewe walikiona kikubwa. Kilichobadilika kati ya duka la dawa na meza ya muuzaji ni mashine, wala si mama.

Mizani hizo haziioni misuli. Zinapitisha mwilini mkondo mdogo wa umeme usiohisika, baadhi kutoka unyayo mmoja hadi mwingine, baadhi kutoka viganjani hadi nyayoni, kisha zinapima jinsi mwili unavyoukinza mkondo huo. Misuli ina maji mengi na hupitisha umeme vizuri, mafuta huupitisha kwa shida. Kutokana na tofauti hiyo, pamoja na umri, jinsia, urefu na uzito wa anayepimwa, mashine inakokotoa makadirio kwa fomula aliyoichagua mtengenezaji. Mashine mbili zenye fomula mbili zitatoa majibu mawili kwa mtu yuleyule asubuhi ileile. Ongeza kwamba maji ya mwili hubadilika kutwa nzima: aliyekunywa chai vikombe viwili, aliyefunga, aliyetoka kutembea juani na aliyevimba miguu hawasomeki sawa. Hapo ndipo dawa ya presha inapoingia, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo, amlodipini mojawapo, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na nyingine hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. (Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asipande mizani hizo kabisa.)

Kuna mtego mwingine ambao watu wengi hawauoni. Neno "misuli" kwenye kioo cha mizani za nyumbani mara nyingi hujumlisha karibu kila kitu kisicho mafuta wala mfupa, yakiwemo maji, ini, moyo na utumbo. Wataalamu wanaposema wingi wa misuli wa mzee, kwa kawaida wanazungumzia misuli ya mikono na miguu peke yake, wakiigawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mwanamke, kiwango cha chini kinachotumika Ulaya ni kilo 5.5 kwa kila mita mraba ya urefu, na kwa mwanamume kilo 7.0. Kwa urefu wa mama yako, hiyo ni sawa na kilo 13 na robo tatu hivi za misuli ya mikono na miguu. Unaona basi kwamba 41.2 na 36.8 haziwezi hata kuwekwa karibu na kiwango hicho. Ni kama kulinganisha uzito wa gunia na uzito wa mchele uliomo sufuriani.

Yapo pia yale mashine ambayo mtu hushika kifimbo kiganjani kwa dakika moja, kisha karatasi inatoka ikieleza hali ya figo, mifupa, misuli na hata macho. Hayo sitayajadili, kwa sababu hayapimi chochote.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, nalo umeshaliandika mwenyewe bila kujua. Kipimo cha maana kuliko vyote katika barua yako ni ile sentensi ya mswala. Mtu anayeswali vipindi vitano hushuka na kuinuka kutoka sakafuni mara nyingi kwa siku, na siku anayohamia kitini kwa sababu ya miguu, wala si kwa sababu ya maumivu ya ghafla au ushauri wa daktari, ni tarehe ya kuandikwa kwenye faili lake. Uzito wa kilo 68 usiobadilika haupingani na hilo hata kidogo, kwani misuli inaweza kupungua huku mafuta yakichukua nafasi yake, na mizani ikaonyesha namba ileile mwaka baada ya mwaka.

Hali hii ya kupungua kwa misuli na nguvu uzeeni ilipewa jina la sarkopenia na Irwin Rosenberg, mtafiti wa Marekani, mwaka 1989, akiunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu walipima wingi peke yake, kama jina lilivyoelekeza. Tatizo lilikuwa kwamba wingi haukutabiri vizuri nani ataanguka au nani atashindwa kujihudumia. Watafiti waliowafuatilia kwa miaka mitatu wazee zaidi ya 1,800 wa miji ya Pittsburgh na Memphis, wenye umri wa miaka 70 hadi 79, walieleza mwaka 2006 kwamba nguvu za miguu zilipungua takriban mara tatu kwa kasi kuliko wingi wa misuli, na kwamba hata waliobaki na misuli yao, au kuiongeza, bado nguvu ziliwapungukia. Sababu ni kwamba nguvu haitoki kwenye nyama tu. Mishipa ya fahamu inayoiamuru misuli hufa kidogo kidogo, nyuzi za misuli zenye kasi, zile zinazomwokoa mtu anayejikwaa, husinyaa kabla ya nyingine, na mafuta hupenya katikati ya nyuzi hizo. Ndiyo maana kundi la wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao uliotoka mwaka 2018, liliitanguliza nguvu: mzee apimwe nguvu kwanza, na akionekana dhaifu ndipo wingi upimwe ili kuthibitisha. Kundi jingine la Marekani, mwaka 2020, lilikwenda mbali zaidi na kuuondoa kabisa wingi unaopimwa kwa eksirei katika maana ya ugonjwa. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu naamini kasoro iko kwenye mashine, wala si kwenye misuli, lakini kwa mtu aliyeko nyumbani na simu yake mkononi mwelekeo ni ule ule: pima nguvu.

Kifaa unachohitaji unacho tayari sebuleni. Chukua kiti cha mbao cha meza ya chakula, kisicho na magurudumu, chenye kimo cha sentimita 43 hadi 46 kutoka sakafuni hadi pa kukalia. Kiti cha plastiki hakifai, maana hulegea na kuteleza. Kochi linamzamisha mtu. Kigoda ni kifupi mno. Kiegemeze ukutani. Mama avue ndala, aketi katikati ya kiti, nyayo zikiwa sakafuni, mikono ameikunja kifuani kila kiganja begani upande wa pili. Kama amejifunga kanga ya kubana, ailegeze, kwani nimewahi kumwandika bibi mmoja kuwa dhaifu kumbe ni doti lake lililomfunga magoti. Kwanza ainuke mara moja tu bila kutumia mikono. Akishindwa, usiendelee, hilo ni jibu tosha. Akiweza, mwambie ainuke na kuketi mara tano kwa haraka kadiri awezavyo kwa usalama, magoti yanyooke kila mara. Bonyeza saa ya simu unaposema "haya", na uizime anaposimama mara ya tano. Simama ubavuni pake muda wote. Ukiona mkono umetoka kifuani na kushika paja au kiti, mzunguko huo hauhesabiki, hata kama roho yako inataka kumsaidia.

Kwa mwongozo wa Ulaya, zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya nguvu ndogo. Wataalamu wa Asia, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, waliweka sekunde 12. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma kwa wazee, linauliza kama mtu anaweza kumaliza mara tano ndani ya sekunde 14. Nitarudi kwenye tofauti hizi.

Kipimo cha pili kinahitaji kifaa kinachoitwa dainamomita, ambacho utakipata katika baadhi ya idara za fiziotherapia. Ni mpini wa chuma wenye saa inayosoma kilo, na mtu anaukaza kwa kiganja. Mama ataketi, kiwiko kikiwa kimekunjwa kwa pembe mraba, kidole gumba juu, akaze kwa nguvu zote kwa sekunde chache, mara tatu kila mkono, na namba kubwa kuliko zote ndiyo inayoandikwa. Kinaonekana chepesi lakini kinakosewa kila siku. Mzee mmoja, mkulima ambaye viganja vyake vilikuwa vigumu kama ubao, alinipa kilo 15 mara ya kwanza. Nilimtazama usoni, nikaona hakukunja hata ndita. Nilipomuuliza akajibu kwa adabu kwamba aliogopa kuniharibia chombo. Nikamwambia kimetengenezwa kikazwe, nikaanza kumhimiza kwa sauti, "kaza, kaza, kaza," na mshale ukaenda 29. Kati ya 15 na 29 ndipo ulipo mpaka wa ugonjwa kwa mwanamume, ambao Ulaya ni kilo 27. Kama ningeandika namba ya kwanza, angeondoka na jina la ugonjwa asiokuwa nao. Kinyume chake pia hutokea: mwenye baridi yabisi ya vidole hukaza kidogo kwa sababu ya maumivu, na udhaifu wake uko kwenye kiungo, si kwenye misuli. Kwa huyo, kiti kinasema kweli zaidi.

Usikidharau kipimo hiki kwa kuwa kinagusa kiganja tu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha watu karibu 140,000 katika nchi 17, ulionyesha kwamba kila kilo 5 za nguvu ya kukaza zilizopungua ziliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa katika miaka iliyofuata, na kwamba nguvu hiyo ilitabiri vifo vizuri kuliko namba ya juu ya presha. Haimaanishi kwamba kukaza mpira mkononi kutamrefushia mtu maisha. Kiganja ni dirisha tu la kuchungulia mwili mzima.

Cha tatu ni mwendo. Pima mita 4 sakafuni kwa futikamba, weka alama mbili, na mama atembee kwa mwendo wake wa kawaida wa kwenda sokoni. Akitumia sekunde 5 au zaidi, kasi yake imefikia au imeshuka chini ya mita 0.8 kwa sekunde, nayo ni ishara kwamba tatizo limeshaanza kugusa maisha yake.

Kama bado unataka namba ya wingi wa misuli, tumia futi ya fundi cherehani. Mama aketi, goti likunjwe kwa pembe mraba, uzungushe futi kwenye shavu la mguu mahali palipo panene kuliko pote, bila kubana. Kwa mwanamke, chini ya sentimita 33 huhesabiwa kuwa kidogo. Kwa mwanamume, chini ya 34. Ila hapa panahitaji hesabu moja. Ukigawanya kilo 68 kwa urefu wa mama uliozidishwa kwa wenyewe unapata 27 na ushei, maana yake ana uzito uliozidi kiasi, na mafuta yaliyo chini ya ngozi yanaunenepesha mguu. Watafiti waliochunguza takwimu za Marekani walipendekeza mwaka 2021 kwamba mtu ambaye jibu la hesabu hiyo ya uzito na urefu ni 25 hadi chini ya 30 apunguziwe sentimita 3 kwenye kipimo cha mguu, na mwenye 30 hadi chini ya 40 apunguziwe 7. Kwa hiyo ukipata 35 usifurahi haraka. Ukitoa 3 inabaki 32, ambayo iko chini ya mpaka. Na kabla ya yote, bonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu kwa sekunde kumi. Pakibaki shimo, kuna maji, na futi itapima maji. Hapo acha, umpeleke kwanza kwa daktari anayempa dawa ya presha.

Vipimo vya hospitali kubwa nitavitaja kwa ufupi. Eksirei ya miale miwili, inayojulikana kwa herufi DXA na inayotumika zaidi kupima uimara wa mifupa, hutenganisha mafuta, mfupa na vinginevyo, lakini "vinginevyo" hivyo vina maji ndani yake. Picha za CT na MRI huonyesha misuli yenyewe na mafuta yaliyopenya ndani yake, ila sioni sababu ya kumfanyia mama hayo kwa ajili ya swali hili peke yake. Mgonjwa wa saratani ambaye ameshapigwa CT ya tumbo kwa sababu nyingine ni suala tofauti, kwani picha hiyohiyo yaweza kusomwa misuli.

Nilisema nitarudi kwenye mipaka. Mwanamke anayekaza kilo 17 ni mzima kwa Ulaya, ambako mpaka ni 16, na ni dhaifu kwa Asia, ambako mpaka ni 18. Mwili wake haukubadilika alipovuka bahari. Namba za Ulaya zilitokana na Waingereza waliopimwa katika tafiti kadhaa, na uchambuzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wastani wa nguvu ya kukaza katika nchi zinazoendelea uko chini kuliko wa nchi tajiri. Mipaka tunayoitumia katika kliniki zetu ni ya kuazima, na mimi huichukulia kama taa ya njano. Ninachokiamini zaidi ni mtu kulinganishwa na nafsi yake: sekunde 13 mwezi huu na sekunde 17 baada ya miezi mitatu, kwenye kiti kilekile, saa zilezile, ni habari nzito kuliko sekunde 16 zilizopimwa mara moja.

Akionekana dhaifu, mpeleke hospitali na karatasi yako ya vipimo ili vitafutwe visababishi vingine: kisukari, upungufu wa damu, tezi ya shingo, maumivu ya magoti, huzuni ya muda mrefu, na dawa zenyewe. Udhaifu uliokuja ghafla, hasa wa upande mmoja wa mwili, hauhusiani na haya yote. Huo hupelekwa hospitali saa hiyohiyo. Baada ya daktari, omba rufaa ya fiziotherapia kwa mazoezi ya kushindana na uzito, yanayoongezwa kidogo kidogo. Mwaka 1990 huko Boston wakazi 10 wa makao ya wazee, mkubwa wao akiwa na miaka 96, walianzishiwa mazoezi makali ya miguu kwa wiki nane. Waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174, huku ukubwa wa misuli ya paja ukiongezeka kwa asilimia 9 tu. Ungekuwa unawafuatilia kwa mizani ya duka la dawa, ungewaambia kwamba mazoezi hayajasaidia sana.

Kuhusu makopo, protini ni kweli inahitajika, na wataalamu wengi hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa mzee ambaye figo zake ni nzima, yaani gramu 68 hadi 82 kwa mama. Maharage, dagaa, mayai, samaki na maziwa vinaweza kufika huko kwa bei nafuu kuliko kopo moja, na hakuna mashine ya mezani inayoweza kumwambia muuzaji kwamba mama anazikosa. Figo zipimwe kwanza kabla ya kuongeza.

Na mizani usinunue. Ikiwa fedha imeshatengwa, mnunulie mama kiti imara cha kuswalia chenye kimo nilichokutajia, na hichohicho ndicho utakachompimia.